Mbao za Meli ya Askari

Kabla hujawasha mashine ya msasa, fungua dirisha. Vijana mnaoingia karakana za mbao hapa Dubai mnaniuliza siri yangu ni ipi, mtu wa darasa la tano aliyefika kuajiri mafundi kumi na moja, mmoja wao ana digrii na ananiita sir. Siri ndiyo hiyo. Mengine yote mtakayosikia kunihusu ni sifa tu, ingawa ni za kweli.

Dirisha ninalosema si la kutolea vumbi. Ni kipande cha ukubwa wa kiganja, pembeni mwa ubao, ambapo unakwangua rangi kwa mkono tabaka baada ya tabaka. Rangi ya juu unaiachia ukanda wa upana wa kidole. Ya pili nayo ukanda. Ya tatu hivyo hivyo, mpaka ufike kwenye mbao yenyewe. Ukimaliza una ngazi ya rangi, na kwenye ngazi ile unasoma maisha ya ubao kuliko karani anavyosoma faili. Mimi nasoma ngazi hiyo kuliko fundi yeyote kutoka Al Ras mpaka Jebel Ali. Najisifu, ndiyo. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe asipojisifu, nani atamsifu? Mwalimu wake wa darasa la tano?

Mwaka huu nimeacha kazi. Daktari aliangalia picha ya kifua changu akaniuliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikamwambia, daktari, mimi sijavuta sigara, nimevuta meli nzima.

Ni kweli. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa mbao za meli. Zile meli kubwa za zamani za abiria, zikizeeka, huvunjwa ufukoni huko India, na vilivyokuwa ndani, milango, ngazi, kuta, meza, hupakiwa kwenye kontena na kuletwa hapa. Hapa kuna watu wa mahoteli wanaopenda kitu chenye historia, mradi kisiwe na vumbi. Vumbi lao ndilo nililokula mimi.

Na msije mkadanganywa na habari za maziwa. Sisi tuliamini ukinywa pakiti ya maziwa jioni, vumbi la rangi linateremka. Tumekunywa maziwa mpaka ng'ombe wakatuonea huruma. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko mapafuni, hata hawajuani. Rangi za zamani zina risasi ndani yake, risasi ile ya kuyeyushwa, na ni sumu. Lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, vaa barakoa. Basi.

Niliingiaje katika kazi hii? Kwa uongo. Nilikuja Dubai kuosha vioo, nikilala Muhaisnah chumba cha watu wanane. Siku moja basi la kampuni lilitushusha kwenye karakana moja huko Al Qusais tuifanyie usafi. Arbab, yaani bosi mwenye karakana, akapita, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, Kitui, mimi Mkamba. Macho yakamng'aa. Kumbe aliwahi kufika Mombasa akanunua twiga wa mbao.

"Wakamba! Wale wa twiga!"

"Ndiyo arbab," nikasema. "Wale wa twiga."

Sikuwa nimechonga hata mwiko. Lakini mwezi uliofuata karatasi zangu zilihamishwa, nikawa fundi. Nikakabidhiwa kwa mkuu wa mafundi, Bwana Nassor, Mzanzibari aliyefika Dubai akiwa kijana na sasa alikuwa amevuka sitini. Mtu mwembamba, kofia safi, kanzu ameikunja kiunoni juu ya suruali ya kazi. Nikamwamkia, shikamoo Mzee, akaitikia marahaba, akanipa randa na kipande cha msaji. Nikaishika randa nikaisukuma. Haikula mbao. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Bwana Nassor akainama akaitazama mikono yangu.

"Wewe ndo yule wa twiga?"

"Ndiyo, Mzee."

"Twiga wako wanakwenda kinyumenyume?"

Nilikuwa nimeishika mbele nyuma. Karakana nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa Otieno, mpuliza rangi kutoka Kisumu, ambaye tangu siku ile alijipa kazi ya pili ya kunicheka. Bwana Nassor hakucheka wala hakunipeleka kwa arbab. Angeweza kunirudisha kwenye vioo kwa neno moja. Alisema, "Basi leo utafagia. Kesho utafagia. Lakini ukifagia, macho yasiwe kwenye ufagio."

Nikafagia miezi minne, macho yakiwa kwake. Nilimwona anavyofungua ubao wa meli bila kuuvunja. Ngoja niwape hili bure. Fundi wa meli wa zamani hakutumia misumari, alitumia skrubu za shaba, na alipomaliza kukaza alihakikisha mfereji wa kichwa umesimama wima. Zote, mamia, kama askari gwarideni. Ukikuta moja imelala, jua kuna mtu alikwisha kufungua hapo. Nyuma ya ubao mmoja wa namna hiyo tulikuta meno ya bandia, seti kamili. Otieno aliyaosha vizuri akamwekea fundi wetu wa kupaka gundi ndani ya chombo chake cha wali.

Bwana Nassor ndiye aliyenifundisha dirisha. Alinisimamisha mbele ya mlango wa meli akanionyesha ngazi ya rangi kwa kidole. Juu kijani, ya mwenye meli wa mwisho. Chini yake krimu, ya zamani zaidi. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, vanishi nyekundu ya asali, na mbao.

"Ukifika kwenye kijivu," akasema, "umefika vitani."

Akanieleza. Vita vikuu vilipokuja, serikali zilizichukua meli za matajiri. Zikapakwa kijivu nje zisionekane kwa mbali, na pengine hata ndani, kwa haraka, juu ya mbao za thamani. Ukumbi wa kucheza dansi ukafungwa vitanda vya turubai, safu juu ya safu. Palipokaa mabibi wenye lulu wakakaa askari na mabuti yao. Zilikwenda kwa msafara, meli nyingi pamoja, manowari zikizizunguka pembeni kama mbwa wanavyozunguka mbuzi, maana chini ya maji kulikuwa na nyambizi za adui.

"Wewe umeyajuaje, Mzee?"

"Babangu alikuwa mtia makaa katika meli hizo. Yeye kaiona vita yote kwenye mlango wa tanuri." Akarudi kukwangua.

Sasa niwaambie kosa langu. Wengine wakistaafu husimulia mafanikio. Mimi mafanikio yangu mnayaona, gari lile pale nje.

Nilikuwa na miaka sita katika kazi na nilikuwa hodari, hodari kweli, mpaka nikawa siwezi kukaa na uhodari wangu chumba kimoja. Zikaja paneli ishirini na nne, mbao za kufunika ukuta, kutoka ukumbi wa chakula wa meli moja ya abiria. Jina la meli hatukuambiwa, kwenye karatasi ilikuwa namba tu. Mnunuzi alikuwa Madam mmoja, mpambaji wa majengo, aliyekuwa akitengeneza mgahawa karibu na Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Alitaka rangi yote iondoke, mbao zirudi kwenye asali yake ya kwanza. Na paneli zile zilikuwa za vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao ya thamani iliyogandishwa juu ya mbao ya kawaida. Nyembamba kama ganda la kitunguu. Mistari yake ilitiririka kutoka paneli moja kwenda ya pili kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Ukiharibu moja, huna pa kupata nyingine, mti wenyewe ulikwisha kukatwa kabla babu zetu hawajaoa.

Arbab akauliza siku ngapi. Bwana Nassor akasema tisa. Mimi, mbele ya Madam, nikasema sita.

Bwana Nassor akanigeukia. "Siku sita za nani?"

"Zangu, Mzee."

"Hewala."

Sharti lake lilikuwa moja: kila paneli ifunguliwe dirisha kwanza, zote ishirini na nne, kwa mkono, ndipo mashine iguse. Nikafungua kumi na sita. Zote ngazi ileile, kijani, krimu, kijivu, asali. Siku ya tatu ikawa Ijumaa. Tulikuwa tunafanya kazi ya ziada kwa sababu ya mdomo wangu. Bwana Nassor akaenda kuswali. Nikaitazama paneli ya kumi na saba, nikaitazama mashine.

Otieno akasema, "Mutisya, mzee alisema dirisha kwanza."

"Nimefungua kumi na sita zote ni sawa. Hii itakuwa na nini?"

"Sawa, Profesa wa Msasa. Mimi sijaona kitu." Akageuka, akavaa barakoa yake kana kwamba barakoa inaziba macho.

Vijana, sikilizeni mashine. Msasa ukiwa kwenye rangi hulia kwa sauti nzito. Ukifika kwenye mbao ngumu sauti hupanda. Ukivuka vinia ukaingia mbao laini ya chini, sauti hushuka tena, na hapo umeshachelewa. Mimi niliisikia ikipanda na kushuka kwa pumzi moja. Nikainua mkono. Katikati ya paneli kulikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kiganja, mbao ya chini ikinikodolea jicho. Pembeni ile vinia ilikuwa imevimba kidogo, ndiyo maana ililika haraka. Dirisha lingeniambia.

Bwana Nassor aliporudi alilitazama doa. Akaweka kiganja chake juu yake, akakiondoa. Ningependa angenitukana.

Kesho yake arbab akaja. Akaliona hata kabla hajavua miwani ya jua.

"Nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Mpaka leo naweza kuwachorea viatu vile, na kamba ya kushoto ilivyokatika nikaifunga fundo.

Bwana Nassor akasema, "Karakana hii nnaisimamia mie, arbab. Mkono wowote ulomo humu ni mkono wangu."

Arbab hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi. Akasema taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Nassor, wewe umri umepita. Kila mwaka naenda mwenyewe kukuombea viza. Mwezi huu inaisha tena. Siku sita zimekufa, Madam nimemsogeza mpaka Alhamisi. Akizikataa mbao zake, khalas, mwaka huu siendi."

Mjue maana ya maneno hayo. Bwana Nassor aliishi hapa zaidi ya miaka arobaini. Watoto wake walizaliwa Deira, mkewe Bi Zuhura alikuwa na maradhi ya figo na daktari wake yuko hapa. Unguja hakuwa na nyumba, alikuwa na makaburi. Viza ile ilikuwa ndiyo ardhi chini ya miguu yake, na mimi nilikuwa nimeipiga msasa.

Arbab alipoondoka nikasema, "Mzee, nitamwambia."

"Utamwambia lini? Alipokuwa hapa mdomo hukuwa nao?"

Akavuta kigoda, akaloweka kitambaa, akachukua kikwangulio chake chenye mpini wa mpingo. "Kaa. Tufungue dirisha ulilolikimbia. Huenda mbao imetuachia kitu pembeni cha kuzibia."

Tukakwangua kuzunguka doa, yeye kushoto, mimi kulia. Kijani ikatoka. Krimu ikatoka. Tulipofika kwenye kijivu, mkono wake ukasimama.

"Kuna wekundu."

"Tabaka jingine, Mzee?"

"Tabaka haliwi na pembe." Akasogeza taa. "Hii ni herufi."

Hatukukwangua tena kwa chuma. Tulitumia vijiti vya mbao laini na pamba na dawa ya kutoa rangi iliyozimuliwa sana, tone kwa tone, kuondoa krimu na kuacha kijivu. Otieno aliacha bomba lake la rangi akaja kusimama nyuma yetu na gilasi ya chai ya maziwa iliyopoa mkononi. Kufikia alasiri mstari wa kwanza ulikuwa wazi, herufi nyekundu juu ya kijivu, zimepigwa kwa brashi na mtu asiye na muda.

ASKARI WOTE.

Otieno akasema, "Aisee. Ati hiyo ni Kiswahili? Kwa meli ya wazungu?"

Bwana Nassor alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. Tukaendelea. Siku ya pili ukatoka mstari wa chini yake.

MARUFUKU KUTUPA KITU BAHARINI MCHANA

Na chini ya huo:

HATA

Halafu doa langu. Baada ya doa hakukuwa na kitu, mstari ulikuwa umeishia humo. Mstari wa mwisho ulisema: ADUI ANAFUATA TAKA.

Nikakaa chini sakafuni, kwenye vumbi ambalo mimi mwenyewe nawakataza kukalia.

Itanibidi niwaeleze juu ya babu yangu. Mama alinilea kwao, kwa baba yake, Babu Kilonzo. Babu alikuwa askari wa vita vya Bama, yaani Burma, katika vita vikuu vile vile. Alipandishwa meli Mombasa na kurudi baada ya miaka, na aliporudi alikuja na hadithi moja ambayo kijiji kizima kiliijua kwa jina la Uongo wa Kilonzo. Alisema walikula uji ndani ya nyumba inayoelea, dari ina maua ya dhahabu, ukuta wa mbao laini kama shavu la mtoto. Hilo watu walimvumilia. Kisha alisema walipewa machungwa, na ilikuwa marufuku kutupa ganda baharini. Wanaume wazima, na bunduki, walitia maganda mfukoni mpaka giza liingie, maana ganda moja likielea adui analiona, anatafuta jingine, na jingine, mpaka anaifikia meli.

Hapo ndipo watu walipoanguka kwa kicheko. Bahari yote ile, Kilonzo! Ganda la chungwa!

Na mimi nilikuwa kiongozi wa wachekaji. Nikiwa na miaka minane nilimfuata njiani nikidondosha maganda nyuma yake na kupiga kelele, "Babu, nyambizi inakuja!" Yeye alisimama, akageuka, akayaokota moja moja, akayatia mfukoni mwa koti lake la jeshi. Hakunigombeza hata siku moja. Alikufa hivyo, mwongo wa kijiji.

Nikawasimulia palepale. Bwana Nassor akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babako si mwongo. Babu yako, nnakusudia. Babangu akisema hata majivu ya tanuri hayakumwagwa mpaka usiku. Taka zikielea ni kama nyayo."

Otieno akajikuna kichwa. "Lakini hapo inaweza kuwa hata sigara. Hata kopo."

"Inaweza," akasema Bwana Nassor.

Inaweza. Sisemi ilikuwa ni meli ile aliyopanda Babu. Najisifu lakini siongopi, isipokuwa ile mara ya twiga. Meli zilikuwa nyingi na tangazo kama hilo huenda lilikuwa kwenye nyingi. Lakini neno lililofuata "hata" lilikuwa limekaa chini ya rangi tangu vita mpaka lifike mikononi mwangu, mjukuu wa mtu pekee ninayemjua aliyelishikilia neno kama hilo. Nilipokuwa mtoto nililicheka. Nilipoletewa kwa maandishi, nikalifuta kwa mashine, kwa sababu nilitaka Madam anione hodari.

Jumatano Otieno alikuja na dawa. "Nisikilizeni. Madam akiuliza lile doa, mwambieni ni la vita. Bomu! Kipande cha bomu kilipita hapo. Atalipenda hilo doa kuliko mumewe. Mzee anapata viza, Profesa anapata heshima, na mimi nachinjiwa kuku."

Nilimtazama Bwana Nassor. Nakiri kwamba nilitamani aseme ndiyo. Alikuwa akipangusa kikwangulio chake.

"Mie sitosema," akasema. "Wewe ukisema, sitokukanusha."

Alhamisi asubuhi Madam akaja na arbab. Paneli ishirini na tatu, tulizozimaliza usiku kwa usiku, kila moja baada ya dirisha lake, ziliegemezwa ukutani, zote asali, zinang'aa, mistari yake ikitiririka kama maji. Na katikati moja ya kijivu yenye herufi nyekundu na jicho jeupe. Madam alizipita zote ishirini na tatu bila kusimama. Akasimama mbele ya ile moja. Akauliza kimeandikwa nini, nikamfasiria kwa Kiingereza changu cha barabarani. Akapitisha kidole juu ya herufi, hewani, bila kugusa. Kidole kikafika kwenye doa.

"Na hapa? Vita?"

Otieno akakohoa. Arbab akanitazama mimi, si Bwana Nassor, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri. Lilikuwa neno moja tu, na Madam alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe. Nilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa.

Nimesema maneno mengi katika maisha yangu, na mengi yalikuwa ya kujikweza. Hilo la siku ile ndilo bora kuliko yote, na lilitoka kwa sauti ya kuku aliyekabwa.

"Hapana, Madam. Hapo ni mimi."

Nikamgeukia arbab nikayamwaga yote. Ijumaa, mashine, dirisha ambalo sikufungua, Bwana Nassor aliyekuwa msikitini. Nikamwambia mkono ule ni wangu, karakana haina kosa. Arbab akaanza kutoa mvuke kwa Kiarabu, haraka, nikashika neno tadhkara, tiketi ya ndege, na nikajua tiketi ni ya nani. Madam akainua mkono.

"Hilo neno," akaniuliza. "Unadhani lilikuwa nini?"

Nikamwambia habari ya Babu. Nilipofika kwenye maganda niliyodondosha nyuma yake, Kiingereza kiliniishia. Bwana Nassor akamalizia kwa chake, kizuri, cha shule za zamani.

Madam akamwambia arbab anaichukua hii pia, itakaa katikati ya ukuta. "Msizibe doa. Msipake kitu. Ibaki hivi hivi."

Arbab alikwenda kuomba viza ya Bwana Nassor wiki iliyofuata. Mimi tiketi ikageuzwa kuwa ufagio: miezi mitatu, na mashine nisiiguse. Siku ya kwanza ya kufagia, Bwana Nassor alipita karibu yangu.

"Hujambo, wa twiga?"

"Sijambo, Mzee. Macho hayako kwenye ufagio."

Hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Alifanya kazi miaka mingine sita, akafariki nyumbani kwake Deira, karibu na watoto wake, akazikwa katika nchi hii hii. Kikwangulio chake cha mpini wa mpingo ninacho mimi. Bi Zuhura ndiye aliyenipa, akaniambia, alisema apewe yule mwenye mdomo.

Ijumaa ile baada ya Madam nilimpigia simu Mama huko Kitui. Nilitaka kumpa zawadi. Nikamweleza meli, tangazo, kila kitu, nikamaliza kwa kishindo: "Mama, baba yako hakuwa mwongo!"

Upande wa pili nikasikia kuku wake tu.

"Mutisya," akasema. "Umepiga simu kutoka Uarabuni kuniambia hivyo? Wewe unadhani nani alikuwa akifua lile koti?"

"Wewe, Mama."

"Kila nikilifua natoa maganda makavu mfukoni. Yako uliyokuwa unamtupia, na yake mwenyewe. Vita vimeisha miaka na miaka, bahari hakuna, bado hatupi ganda chini. Mtu anayedanganya hudanganya kwa mdomo, mwanangu. Hadanganyi kwa mfuko."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mnacheka. Ningesemea wapi?"

Mgahawa ule upo mpaka leo. Wahudumu wake wengi ni vijana wetu, Wakenya na Watanzania, na wageni wakiuliza juu ya ile paneli ya kijivu, huwasomea Kiswahili chake kwa madaha. Wakifika kwenye doa husema ni kipande cha bomu. Hadithi hiyo sijui ilitoka kwa nani, ingawa namshuku Otieno. Ni hadithi nzuri, inaleta bakshishi, siwalaumu.

Lakini nikienda pale huwa namwita kijana pembeni na kumrekebisha. Nanyi mnaonisikiliza hapa, mkipata nafasi nendeni mkaitazame. Wekeni kiganja karibu na lile doa mlinganishe. Wakiwaambia ni la bomu, waambieni Mutisya wa Kitui, fundi hodari kuliko wote kutoka Al Ras mpaka Jebel Ali, amesema doa lile ni lake.